Baba Yake ni Baba

Katika chuo nilichokuwa nikifundisha mjini Meru, mwanafunzi aliyeletewa None na programu yake alikuwa na adhabu ya kusimama. Sheria hiyo ilikuwa yangu mwenyewe, haikuandikwa popote. Alisimama mbele ya wenzake, akasoma kosa lake kwa sauti, neno kwa neno, kisha akatuambia amesahau nini. Darasa liliruhusiwa kucheka. Niliamini kicheko hufundisha upesi kuliko kitabu, na imani hiyo ilinifaa kwa sababu nilikipenda kicheko chenyewe.

None, kwa asiyejua, ni neno ambalo lugha ya kompyuta iitwayo Python hulitumia pale ambapo hapana kitu. Si sifuri, maana sifuri ni namba na unaweza kuijumlisha. Ni mahali alipotarajiwa mtu na mtu hakuja. Ukiiomba None ikupe jina lake au watoto wake, programu husimama papo hapo na kulalamika. Kosa hili huwapata sana wanafunzi wanapofika kwenye miti, yaani data iliyopangwa kama ukoo: mmoja juu, watoto wake chini yake, wajukuu chini ya hao. Ukitaka kumtafuta mtu katika mti huo, unaandika fankisheni, yaani kijiprogramu ndani ya programu, inayojiita yenyewe. Inamwuliza babu, "Ni wewe?" Kama si yeye, inawaendea watoto wake mmoja mmoja na kuwauliza swali lile lile, na kila mtoto anawauliza wake. Jibu likipatikana huko chini lazima lipandishwe mkono kwa mkono hadi limfikie aliyeuliza mwanzo. Neno la kulipandisha ni return. Ukilisahau, jibu linapatikana huko chini na linafia huko huko, na wewe uliyeuliza unaletewa None.

"Umetuma mtu sokoni," niliwaambia. "Amefika, amenunua, halafu akakaa huko huko. Nani mjinga, aliyetumwa ama aliyetuma?"

Msichana mmoja kutoka upande wa Nyambene alianza kulia akisoma kosa lake. Nilimwambia amalize kusoma kwanza, alie baadaye.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo baba mkubwa aliponipigia simu. Ni kaka yake baba yangu, mwalimu mkuu mstaafu, anaishi karibu na soko la Kiritiri. Yeye huniita mama. Kwetu mtoto hazuliwi jina, hupewa la mtu. Mwana wa kwanza huchukua la babu mzaa baba, binti wa kwanza la nyanya mzaa baba, na jina huja na heshima yake yote. Mimi nimebeba jina la mama yake baba mkubwa, kwa hiyo mzee huyo mwenye mvi huniita mama mbele za watu bila haya, na akiwa na shida huniita hivyo mara tatu katika pumzi moja.

"Mama, wewe si ndio mtu wa computer? Sasa, mama, hii maneno ya shamba ya mzee imetushinda na kalamu. Tuwekee kwa mashini, mama, kila mtu aone hakuna mwenye amependelewa."

Babu alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma na shamba lake lilikuwa halijagawanywa. Ni shamba la Mbeere, kavu, la ndengu na mbuzi, na upande wa juu ni mawe matupu. Kipande kimoja tu kina rangi ya kijani mwaka mzima, kile kilicho kando ya kijito, na kijani hicho ni muguka, majani yanayotafunwa na nusu ya vijana wa nchi hii. Aliyeipanda miche hiyo ni binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi yangu, dada yake baba. Babu ndiye aliyemwonyesha mahali pale pa kujenga na kulima, na binamu ndiye aliyemwosha na kumlisha babu miaka yake ya mwisho, wakati sisi wengine tulikuwa tunatuma salamu.

Masharti ya kugawa yaliandikwa na baba mkubwa na kukubaliwa na wote. Watoto wa babu, wanaume kwa wanawake, wapate sawa. Aliyekufa, fungu lake liende kwa watoto wake. Watoto wa mabinti walioolewa wahesabiwe kwa baba zao huko walikoolewa. Anayekaa mahali abaki pale pale, na asiyekaa popote apewe palipo wazi. Asiyekaa popote alikuwa mmoja tu, baba yangu, aliyepanga nyumba mtaa wa Majimbo mjini Embu tangu kabla sijazaliwa na aliyetaka kujenga yake kabla hajafa.

Nilitengeneza orodha. Kwa kuwa majina yetu yanajirudia, mpaka kuna watu watano wenye jina la babu, nilimpa kila mtu namba. Babu alikuwa namba moja. Mbele ya kila jina palikuwa na nafasi ya kuandika namba ya baba yake. Hivyo tu. Niliona imekaa vizuri, na sikujiuliza kwa nini hapakuwa na nafasi ya mama.

Majina niliyakusanya kwa simu, kati ya kipindi na kipindi. Akabaki shangazi. Hakuwahi kuolewa. Alimzaa mwanawe nyumbani kwa babu, na mtoto akapewa jina la babu, kwa hiyo tangu akiwa mchanga mama yake alimwita baba. Baba, kuja ukule. Baba, umefunga mbuzi? Sote tulizoea.

"Tata," nikamwuliza, maana ndivyo tunavyomwita shangazi, "baba yake kijana wako ni nani?"

"Ni baba."

"Sio yeye. Yeye najua unamwita baba. Nauliza baba yake."

"Si nimekuambia. Baba yake ni baba."

Kengele ilikuwa imelia na wanafunzi walikuwa wakiingia. Nikadhani anamficha mwanamume aliyempa mimba, na nikaona ni upuzi kuficha jambo la miaka arobaini, tena kwa mtu anayetaka kukusaidia.

"Tata, niko na darasa. Kama hutaki kusema, sema tu hutaki."

Nilisikia kuku wake wakilia upande wa pili wa simu.

"Andika vile unaona, mama," akasema.

Nikaacha nafasi tupu, nikaingia darasani.

Ijumaa ya wiki hiyo baba mkubwa alikuja Meru kuonana na daktari wa macho, na alipomaliza akaja chuoni kuchukua karatasi. Nilimkaribisha kwenye chumba cha walimu, nikamwitishia chai, nikaiendesha programu mbele yake ili aone. Ilisimama pale pale. Mashine ilisema kwa Kiingereza chake kwamba kitu cha aina ya None hakina watoto.

Nikatazama ni nani. Programu ilikuwa inamweka mjukuu wa kwanza chini ya baba yake, na baba yake huyo, aliyetafutwa na kukosekana, alikuwa ni huyu mzee aliyekaa mbele yangu akipuliza chai. Nilisoma fankisheni yangu ya kutafuta mstari kwa mstari. Nilikuwa nimesahau return. Kosa lile lile nililomlizia mtoto wa watu, nimelifanya mwenyewe. Nyani haoni kundule. Niligeuza kompyuta kidogo ili mwalimu wa meza ya jirani asione, na hapo nilikuwa naona aibu kweli, si mchezo.

"Kulingana na mashini," nikamtania baba mkubwa, "wewe haupo duniani."

Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Rekebisha," akasema.

Nikarekebisha. Neno moja, dakika moja. Nikaendesha tena, na tena ikasimama, kwa maneno yale yale: kitu cha aina ya None hakina watoto. Lakini sasa ilikuwa imekwenda mbali, imepita watu wote wa mwanzo, imefika karibu na mwisho wa orodha. Nikaiambia iandike jina la kila mtu kabla ya kumshughulikia ili nione inakwama kwa nani. Majina yakateremka kwenye skrini, jina la mwisho likawa la binamu, na mbele yake, pa namba ya baba, None.

Hapa nataka kusema wazi nilichofanya, kwa sababu nimewahi kukisimulia kwa namna nyingine. Nilijua kwamba pengo lile ni la kujazwa. Nilikuwa na namba ya simu ya shangazi. Dawa ya None ni kuuliza imetoka wapi, na hilo nilikuwa nalirudia darasani hadi wanafunzi wakaanza kunipokea maneno. Dawa ya mvivu ni kuiambia programu ikikuta mzazi hayupo iruke, iendelee na mwingine. Kosa linatoweka kwenye skrini na linabaki kwenye data. Wanafunzi wakiniletea kazi ya namna hiyo niliwaambia wamemzika mtu kabla ya kumpima kama anapumua. Lakini saa tisa ilikuwa imepita, baba mkubwa alitaka kuondoka, na mimi nilikuwa nimeshikwa na hasira ya kuonekana mjinga mbele yake mara mbili kwa kikombe kimoja cha chai. Nikaandika mistari miwili. Kama mzazi ni None, ruka.

Programu ikapita bila kelele. Ilitoa karatasi tatu safi, mafungu saba, kila mtu na mahali pake. Kipande cha kando ya kijito kilihesabiwa kuwa wazi, kwa sababu hakuna mtu katika mti aliyekuwa anakaa pale. Kikaenda kwa baba yangu.

Baba mkubwa alisoma kama anavyosoma mwalimu, kidole kikifuata mstari. Kwenye karatasi ya pili kidole kilisimama. Kikakaa kidogo, halafu kikaendelea mpaka chini.

"Iko sawa?" nikamwuliza.

"Iko sawa, mama. Hii mashini iko na akili."

Wakuu wa zile nyumba saba wakatia sahihi kwa chifu, mmoja mmoja, kila mmoja akitazama fungu lake tu. Shangazi naye alitia yake, maana fungu lake lilikuwa pale pale nyumbani kwake, kwenye mteremko, na kuhusu mwanawe aliambiwa mambo ya watoto yako kwenye karatasi ya ndani.

Siku ya mpima ardhi kupanda vigingi nilitakiwa kuwepo, kama fundi anavyoitwa mlango wake unapofunguliwa mara ya kwanza. Nilifika mapema, nikapitia kwa shangazi. Alinipa uji wa mtama, akakaa mkabala nami akichambua ndengu kwenye ungo.

"Mama," akaniambia, maana niliyembeba kwa jina ni mama yake pia, "kijana ulimwandika wapi? Jana nimeona wanapima kwake na kamba na hakuna mtu anamwambia kitu."

"Tata, si ulikataa kunipa baba yake."

"Nilikupa."

"Ulisema ni baba."

"Ee. Sasa nilikuwa niseme nani?"

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Aliongea taratibu, kama anayemfundisha mgeni njia.

"Mimi nilizalia hapa nyumbani. Baba alikaa miezi bila kuniongelesha. Mtoto akazaliwa, akakuja akamwangalia, akatoka nje akachinja ndume ya mbuzi. Akaita ndugu zangu wote. Akasema huyu ni wangu, mimi ndio baba yake, na hiyo swali isiulizwe tena hapa kwangu. Baba mkubwa yako ndio alishika miguu ya hiyo mbuzi. Haikuulizwa tena, mpaka wewe."

Niliijua desturi hiyo. Kila mtu kwetu anaijua: binti akizalia nyumbani, babu akimkubali mtoto, mtoto ni wake, na jina ndilo muhuri. Mimi ninayeitwa mama na wazee wenye meno ya kuazima, ninayejua tangu utotoni kwamba kwetu baba anaweza kuwa babu na babu anaweza kuwa mtoto anayenyonya, nilipewa jibu la kwetu kwa lugha ya kwetu nikasikia kelele. Shangazi alikuwa amenijibu. Alinijibu mara mbili. Jibu lake lilikuwa namba moja.

Na kama ni namba moja, basi binamu si mjukuu. Ni mtoto wa babu, ndugu ya baba yangu, na mafungu ni manane. Anayekaa mahali abaki pale pale. Mwenye kuhamia palipo wazi, yaani kule juu kwenye mawe, ni baba yangu.

Nilimkuta baba mkubwa kando ya pikapu yake, akiwapangia vijana vigingi. Nikamvuta pembeni. Nikamweleza kwa haraka, na nilipofika kwa ile mbuzi akaniwekea mkono begani.

"Naikumbuka," akasema. "Ilikuwa nyeusi."

"Ulijua?"

"Mama, mimi si mtoto."

"Sasa mbona hukusema? Siku ile uliona hayuko."

"Wewe ndio uliandika hayuko. Mimi niliuliza kama iko sawa? Wewe ndio uliniuliza, nikasema iko sawa." Aliongea bila ukali, kama anayekagua kazi ya darasa la nne. "Sasa sikiza. Karatasi iko kwa chifu. Watu saba wameweka sahihi. Ukisimama hapo useme mashini ilikosea, tunaanza upya, na kila mtu atakuja na kosa lake. Na baba yako? Miaka sabini na mbili. Atachimba choo kwa mawe? Wewe ndio utampeleka maji huko juu?"

Baba yangu alikuwa ameshaanza kuchora nyumba, na kila nilipoenda Majimbo alinionyesha dirisha litakalotazama kijito.

"Sijakuambia useme uongo," akasema baba mkubwa. "Ukiulizwa, jibu tu kile unajua cha mashini."

Tulikusanyika kando ya kijito, penye mpaka wa chini. Mpima ardhi alisoma karatasi yangu kwa sauti. Alipofika kwa kipande kile na kutaja jina la baba yangu, watu walitazama chini. Walijua. Ndipo nilipoona kwamba karibu wote walijua, na kwamba karatasi yangu iliwaondolea mzigo mzuri sana wa kuwa wao ndio waliosema.

Binamu alikuwa amesimama nyuma, mtu mrefu, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa muguka. Alivua kofia kabla ya kuongea.

"Mimi sina maneno mingi. Nataka tu kuuliza mwalimu, maana yeye ndio amesomea. Hiyo mashini inaweza kosea?"

Wote wakanigeukia. Shangazi pia. Alikuwa ameshika ungo wake bado, sijui kwa nini alikuja nao.

"Jibu, mama," akasema baba mkubwa.

Nilikuwa na hasira, na hata leo sijui vizuri nilikuwa na hasira na nani. Na binamu, nadhani, kwa kuuliza kwa adabu. Kama angepiga kelele, kama angenitukana, ningepata pa kuanzia. Nikatumia sauti yangu ya darasani.

"Programu haina kosa," nikasema. "Imefanya vile iliambiwa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeelewa.

"Sawa. Ingekuwa ni mtu amesema, ningebishana. Kama ni mashini, sawa." Akarudisha kofia kichwani. Akaomba mwezi mmoja wa kuhama, akapewa wiki mbili.

Shangazi alinipita akielekea nyumbani, na nilipomsalimia kwa kumwita tata aliendelea kutembea.

Jumapili nilikuwa Majimbo. Baba alikuwa sebuleni na rula yake. Nilifungua kompyuta kwenye meza ya chakula, nikafuta ile mistari miwili ya kuruka, nikaenda kwenye nafasi ya baba ya binamu, nikaandika moja. Nikaendesha. Haikusimama. Mafungu manane yalitoka sawasawa: binamu kando ya kijito, baba yangu kwenye mawe. Yote yalichukua muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi. Ndiyo programu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, haina pengo wala kiraka, na naweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote.

"Unafanya nini?" baba akauliza.

"Kazi ya wanafunzi."

"Kuja uone. Nimesogeza jikoni, moshi usiingie kwa mama yako."

Nikaenda kuona. Niliporudi kuifunga, kompyuta iliniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Nikasema hapana.

Darasani niliacha ile adhabu ya kusimama. Wanafunzi wakadhani nimeokoka. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kusikia kosa lile likisomwa kwa sauti. Kitu cha aina ya None hakina watoto. Hakina jina. Hakina fungu. Walilisoma wakicheka, na mimi nikaona kofia ile ikivuliwa.

Wiki ya pili ilipokuwa inaisha niliamua kwenda kumwambia. Sikutaka kumrudishia shamba, sina uwezo huo, na sitajisingizia. Nilitaka tu ajue kwamba hakuna mashine iliyomkataa. Kwamba ilikuwa simu moja, kengele moja, mimi na haraka yangu, halafu mimi tena mbele ya watu. Angeweza basi kubishana. Angeweza kwenda mahakamani na kunitaja. Sentensi niliipanga, nikaipunguza, ikabaki fupi: baba yako ni babu, mama yako aliniambia, mimi sikuandika.

Nilimkuta juu ya nyumba yake, peke yake, aking'oa misumari. Mabati mengi yalikuwa yameshashuka na kuegemezwa ukutani. Mlango ulikuwa umetolewa na kulazwa nyasini. Alikuwa anahamia uani kwa mama yake, kwenye mteremko, chumba kimoja cha kuanzia. Muguka ilikuwa haijaguswa, safu kwa safu, imepaliliwa vizuri kuliko nilivyowahi kuiona.

"Hiyo hung'oi?" nikauliza, badala ya yale niliyokuja nayo.

"Imeshika. Ukiing'oa inakufa." Alitema msumari aliokuwa ameushika kwa midomo. "Mwambie mzee achume ile ya juu pekee, asiende chini na kisu. Na msimu wa kiangazi aimwagie jioni, sio mchana. Nitamwonyesha akikuja."

"Nitamwambia."

"Shika hapo."

Alikuwa ananiteremshia bati. Nikalipokea kwa leso yangu nisikatwe, tukalibeba, yeye mbele mimi nyuma, tukapanda nalo mteremko hadi uani kwa shangazi. Shangazi alikuwa ndani. Tuliliweka, tukarudi kuchukua jingine. Nikajiambia nitasema tukishuka. Tuliposhuka alikuwa ananieleza lipi lina tundu na lipi halina, nikajiambia nitasema tukipanda. Huwezi kumwambia mtu jambo kama hilo ukiwa nyuma yake, na bati kati yenu. Tulibeba moja moja hadi yakaisha, ishirini na manne, na jua lilikuwa bado kali.

La mwisho tuliliegemeza pamoja na mengine. Alijifuta uso na kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mgeni mkubwa. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka tayari.

"Asante sana, dada," akasema. "Kwa hii familia yote ni wewe tu umekuja."

"Si kitu," nikamjibu.